Maua ya Mtu wa Kobe

Ornella alikanyagwa mguu kwenye foleni ya Kanisa Kuu la Siena, akageuka ili ampe mtu huyo vidonge vyake, akakuta ni Duccio.

Watu walikuwa wamejaa mlangoni kwa sababu Oktoba ilikuwa inaisha, na sakafu ile yenye picha za marumaru ilikuwa karibu kufunikwa tena hadi mwaka unaofuata. Ornella alikuja peke yake. Kila mahali alikwenda peke yake tangu mwanamume huyu alipoacha kupokea simu zake, harusi yao ikiwa imekaribia, bila kumwambia kosa lake. Alivaa koti la kijani na viatu vya visigino virefu. Duccio alikuwa amenenepa kidogo, na shati lake lilipigwa pasi hadi kwenye kola. Hiyo pasi ingetosha kumwonya mwanamke yeyote mwenye akili timamu. Ornella aliona macho tu.

"Bado unavaa viatu vya kujitesa," Duccio akasema.

"Bado unakanyaga watu."

Wakacheka, wakaingia pamoja, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuaga. Walitembea taratibu kutoka kanisa moja hadi jingine. Katika kanisa la Mtakatifu Dominiko Duccio alimsimulia jinsi alivyoonyeshwa kichwa cha Mtakatifu Katarina, kilichohifadhiwa humo tangu kale, akiwa mdogo, akalala na taa wiki nzima. Ornella alimtania kwamba watu wa Konokono, mtaa wa kina Duccio, ni waoga tangu kuzaliwa. Moyoni alibeba swali moja. Kwa nini aliniacha, na je, atarudi?

Lilijibiwa kwenye hospitali ya kale, ambayo siku hizi ni makumbusho. Walisimama mbele ya picha ya ukutani ya mgonjwa anayeoshwa miguu. Duccio akasema baba yake aliwahi kuoshwa hivyo, siku za mwisho.

"Nilileta maua," Ornella akasema.

"Maua yako nayakumbuka sana."

Mtu wa Siena ni wa mtaa wake kabla ya kuwa wa mtu yeyote. Siku za mbio za farasi za mitaa, mwezi wa saba na wa nane, mume na mke wa mitaa hasimu hutengana, kila mmoja akarudi kwao. Mwaka ule Ornella alikwenda kwao Kobe, Duccio kwao Konokono, na Kobe wakashinda. Ornella aliimba barabarani mpaka sauti ikamkauka. Wakati akiimba, baba yake Duccio alikata roho.

"Uliyafunga kwa utepe wa njano na buluu," Duccio akasema. "Rangi za Kobe, kwenye jeneza la baba, mmetoka tu kutushinda. Mama alisema umekuja kutucheka. Na mimi nikaamini."

Ornella akamgeukia. "Nyumbani kwetu hakuna utepe mwingine, Duccio. Hata keki tunaifunga kwa huo. Nilikuwa nalia, nikavuta droo, nikafunga."

"Nilipaswa kukuuliza."

"Ulipaswa kuniuliza."

Wakatoka, wakaingia mgahawani, wakaagiza tambi nene za kitunguu saumu. Duccio aliahidi kumweleza mama yake. Alimshika mkono juu ya meza, na moyo wa Ornella ukaanza kupanga samani. Ndipo simu ikalia.

"Naam, kipenzi," Duccio alisema, akageuza uso. "Hapana, nimekula. Nimekutana na mtu."

Mtu. Ornella akaondoa mkono.

Anaitwa Marzia, Duccio akamwambia, wa mji wa Livorno. Wanaoana baada ya Pasaka.

"Mtaa gani?" Ornella akauliza, kwa mazoea tu.

"Hana mtaa. Mwaka huu aliniuliza kwa nini nahama nyumba siku za mbio. Nikabaki naye huko kwao."

Ornella alimtazama kana kwamba amemwambia ameuza kaburi la baba yake. Mtu wa Konokono, siku za mbio, yuko Livorno?

"Pete bado hatujanunua," Duccio akasema, polepole. "Niambie kitu kimoja. Ungekuwa mke wangu, siku za mbio ungelala wapi?"

Ornella alijua jibu linalotakiwa, na alijua kwamba akilitoa, mwanamume huyu hatapanda basi la Livorno. Akafungua mdomo. Lakini jibu hilo lingekuwa uongo, na angeutolea hesabu kila mwaka, mwezi wa saba na mwezi wa nane, mpaka wazeeke.

"Kwetu, kwa Kobe," akasema.

Duccio aliitikia kwa kichwa. Akambusu mashavu yote mawili, akakaa kidogo kwenye la pili, akaenda.

Ornella aliingia kanisa moja zaidi, akatoka bila kuona kitu. Mtaani kwao Kobe meza ndefu zilikuwa zimeshatandikwa ukumbini kwa chakula cha jioni cha mtaa. Wanawake walimgombeza kwa kuchelewa, wakambana katikati yao, wakamjazia sahani. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Kisha meza nzima ikaanza kuimba ule wimbo wa kuwacheka Konokono, naye akaimba nao beti zote, machozi yakimtiririka, na jirani yake akampa kitambaa akidhani ni furaha.