Springi za Pikipiki Mpya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kahaso alipanga mayai kikapuni juu ya usufi, tayari kwa soko la Matuga. Hakuna yai lililowahi kuvunjika mikononi mwake.

Lakini asubuhi hiyo ya mwaka wa 1973 hakutulia. Mpangaji wao, Bwana Masila, afisa wa mifugo, alikuwa ameletewa pikipiki mpya!

"Tazama bomba la moshi lilivyo juu! Hata mtoni maji hayaingii," alisema Jefwa, binamu yake. "Na tairi zina meno kama mamba!"

"Mamba umemwona wapi wewe?" Kahaso akamcheka.

Bwana Masila alishika spana. "Hii hupita lami na vichakani. Springi za nyuma zina pete. Ukizungusha huku zinakaza, huku zinalegea. Nimekwisha kuzipanga. Msiguse."

Siku hiyo angepeleka chupa za chanjo ya ng'ombe Samburu, kijiji kisicho mbali sana. Ng'ombe walikuwa wakifa huko, na nyanyake Kahaso alibakiwa na watatu tu.

Bwana Masila alipoingia kunywa chai, Kahaso aliichukua spana.

"We! Tumekatazwa!" Jefwa alinong'ona.

"Chupa zikikalia kitu laini hazitavunjika. Kama mayai." Akazilegeza pete zote mbili.

Bwana Masila alitoka, akafunga sanduku zito la chupa nyuma ya kiti, akapanda. Nyuma kukadidimia, tairi likakaribia kugusa madigadi. Injini ikanguruma. Kahaso akajua amekosea. Akisema, atachapwa. Asiposema, je, ng'ombe wa nyanya?

"Bwana Masila, ngoja!" Akaruka mbele ya gurudumu. "Nimezilegeza mimi!"

Injini ikazimwa. Bwana Masila aliinuka kidogo, akajibwaga kitini. Ngo! Chupa zikalia.

"Umesikia? Yai kikapuni limetulia. Mzigo huu unaruka. Springi ikifika mwisho, chupa ndizo zinazopigwa."

Alikaza pete, akajibwaga tena. Pikipiki ikashuka kidogo, ikainuka kimya. Akaondoka kwa kasi, vumbi likatimka.

Jioni alirudi mwekundu kwa vumbi, akicheka. "Haikuvunjika hata moja! Ng'ombe wa nyanyako wote wamechanjwa!"

Watoto wakarukaruka. Mama akatoka na ndoo ya maji.

"Kahaso, kwa mayai wewe ni fundi," alisema Bwana Masila. " Kwa pikipiki ulikisia tu, tena ulikwisha kukatazwa. Usilolijua, uliza. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema leo, hata kama unaogopa. Haya, adhabu yako hii hapa. Ioshe pikipiki mpaka ing'are."

Kahaso aliipokea ndoo mbio. Jefwa naye akaomba aadhibiwe.