Mapenzi ya Sekunde Nane

"Kwa nini uliniandikia nisikutafute tena?"

Honoka alikuwa ameshanyoosha mikono yote miwili, tabasamu limekaa usoni kama alivyofundishwa, ndipo akamtambua. Kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, barakoa imeficha nusu ya uso, lakini macho ni ya Tetsuro. Mpenzi wake wa mwaka wa tatu sasa, ambaye hakuna shabiki aliyetakiwa kujua kama yupo duniani.

"Tetsu! Umefuata nini huku?"

"Nijibu kwanza."

"Sijakuandikia kitu mimi! Simu yangu hata sinayo, iko kwa..."

"Muda umekwisha!"

Kijana wa kampuni ya muziki aliyesimama pembeni akamshika Tetsuro bega, akamsogeza mbele kistaarabu, akamtoa. Mashabiki wenyewe humwita mbanduaji, maana kazi yake ni hiyo tu, kuwabandua watu mikononi mwa wasichana.

Ndivyo mambo yalivyo. Unanunua CD, ndani unakuta tiketi, na tiketi inakupa sekunde nane za kushikana mikono na msichana umpendaye. Ukitaka tena, nunua nyingine, rudi nyuma ya foleni. Wimbo mpya wa kundi lao, "Mwavuli wa Njano", ulikuwa umetoka Jumatano, na Jumapili ile ukumbi wa Chiba ulifurika. Wasichana sita, kila mmoja na kibanda chake. Kwa mara ya kwanza Honoka ndiye aliyesimama katikati kwenye jalada.

Na mkataba ulisema wazi: hakuna mpenzi mpaka siku utakayoaga kundi. Msilishangae hilo. Nani atanunua CD boksi zima ili ashike mkono wa mwanamke wa mtu?

"Honoka-chan! Leo umependeza mpaka magoti yananicheza!"

"Jamani, asante! Umetoka mbali?"

"Nagoya! Nimekuja na basi!"

"Pole na safari!"

Mdomo ulijibu kila aliyemwita kwa hiyo "-chan" ya kudekeza, moyo uko kwenye foleni. Kofia ile ilikuwa inasogea tena.

"Simu iko kwa nani?" Tetsuro aliuliza kabla hata ya kumshika mkono.

"Kwa Bi Nagatsuka. Amezikusanya zetu zote, eti mpaka wiki ya kwanza ya wimbo ipite. Uliandikiwa nini?"

"'Nimekuchoka. Ulikuwa wa kupotezea muda tu. Usinitafute.'"

"Mama yangu! Na wewe ukaamini?"

"Ujumbe umetoka kwenye namba yako, Hono! Nifanyeje?"

"Muda umekwisha!"

Bi Nagatsuka! Meneja anayewaita "wanangu". Anayewaletea matonge ya wali wa moto alfajiri wakienda kurekodi. Honoka alijua pia kosa lilikoanzia. Kuutangaza wimbo, kila msichana alitakiwa aweke picha mtandaoni kila asubuhi. Yeye akaweka ya kifungua kinywa: wali, supu, samaki wa kuchoma. Hakuona kwamba pembeni ya picha kulikuwa na jozi ya pili ya vijiti vya kulia chakula. Mashabiki wakaviona. Ndani ya saa moja mtandao mzima unauliza, "Honoka anakula na nani?" Kampuni ikasema ni vya mama yake, amekuja kumtembelea. Bi Nagatsuka akawaita wote sita. Akanyoosha mkono tu, "Simu."

Tetsuro akafika tena. Safari hii alimshika mkono kwa nguvu.

"Niliamini. Nisamehe."

"Nisamehe mimi."

"Sikiliza, baba kaanguka. Kiharusi. Leo narudi nyumbani Niigata, treni ya saa kumi. Lile bafu lake la kulipia halina mtu wa kuwachemshia wateja maji."

"Leo hii?"

"Twende wote, Hono. Utoke hapo, tukaoane. Sina zaidi ya kukwambia."

"Tetsu..."

"Muda umekwisha!"

Usimcheke Honoka, msomaji. Ungefanya nini wewe? Kampuni ilikuwa imewaambia bila kumung'unya maneno: "Mwavuli wa Njano" usipoingia kumi bora, kundi linavunjwa. Kibanda cha pili alikuwa Saki, miaka ishirini na saba, ameacha chuo kwa ajili ya kundi hili. Juzi kwenye mazoezi Saki alimshika mkono akamwambia, "Mdogo wangu, wimbo huu ndio nafasi yetu ya mwisho. Tubebe." Honoka akaitikia. Sasa akivua viatu akakimbia na mwanaume mbele ya maelfu, Saki atabebwa na nani?

Lakini Tetsuro naye. Aliyemchemshia uji alipougua homa, akakaa sakafuni mpaka asubuhi akimbadilishia kitambaa cha paji la uso. Nani mwingine alishawahi kumwona bila vipodozi akasema "mzuri"?

Akainua macho. Kofia ile ilikuwa imebakiza watu wawili. Papo hapo akasikia marashi anayoyajua nyuma ya bega lake. Bi Nagatsuka alikuwa ameingia kibandani.

"Endelea na kazi, mwanangu. Mimi naangalia tu."

Tetsuro akasogea. Alimwona yule mama, wala hakujali.

"Ndiyo au hapana, Hono. Basi."

Honoka akafungua mdomo. Aliitaka ile ndiyo, alikuwa nayo kabisa kwenye ulimi. Kilichotoka ni kile alichokisema maelfu ya mara, kile ambacho mdomo wake unakisema hata usingizini:

"Asante sana kwa kuja. Tafadhali endelea kutuunga mkono."

Na akainamisha kichwa.

Tetsuro alimtazama. Mbanduaji hata hakumgusa. Aliachia mikono mwenyewe, akaondoka, sekunde zake bado hazijaisha.

"Umefanya vizuri," Bi Nagatsuka alinong'ona.

"Ni wewe uliyemwandikia."

"Ni mimi. Na ningemwandikia tena leo. Unadhani nafurahia? Tuko nafasi ya nne, Honoka. Ya nne! Umewaokoa wenzako watano kwa sentensi moja."

"Na mimi nani ananiokoa?"

Simu ya Bi Nagatsuka ikaita. Akatoka nje kupokea.

Hapo ndipo Honoka alipoamua. Alikuwa ameiona kwa macho yake: Tetsuro bado ana tiketi moja katikati ya vidole. Atarudi. Akirudi anamwambia ndiyo, liwalo na liwe, Saki atamsamehe au hatamsamehe. Akashika mikono ya watu akichungulia mabegani mwao. Akacheka pasipochekesha. Mmoja akamwambia, "Leo uko mbali, Honoka-chan," naye Honoka akamwomba radhi.

Kisha akasogea mzee mmoja aliyevaa tai, viganja vimelowa jasho.

"Samahani, Honoka-chan. Hii tiketi kwa kweli si yangu. Kuna kijana kanipa pale mlangoni. Kasema haina kazi tena kwake, anawahi treni."

Honoka akanyoosha shingo kuutazama mlango.

"Alikuwa analia, maskini. Mnafahamiana?"

"Ni mpenzi wangu."

Lilimtoka kwa sauti, waziwazi. Hakuwahi kulisema neno hilo mbele ya mtu yeyote.

"Nampenda. Mkimbilie, tafadhali, mwambie nimesema ndiyo. Mwambie nakuja!"

Uso wa mzee ulisawijika. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Halafu akamsogelea, akamminya mikono kwa huruma, kama baba anayefunika aibu ya mwanawe.

"Mimi sijasikia kitu," alimnong'oneza. "Usiogope kabisa. Siri yako nakufa nayo. Kaza moyo, tutaufikisha wimbo huu namba moja."

"Hapana, baba, nakuomba, mfua..."

"Muda umekwisha!"

Mzee akabanduliwa. Akaenda zake akiinamainama, ameweka kidole mdomoni kumhakikishia kwamba hatasema, na machozi yanamlengalenga kwa fahari ya kumlinda.

Utaniuliza kwa nini Honoka hakukimbia mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na kituo cha treni si mbali. Sina jibu zuri. Hakukimbia, basi.

Bi Nagatsuka, aliyewaona kwa mbali, akarudi.

"Yule mzee alikuwa anakwambia nini muda wote ule?"

"Nikaze moyo."

"Mashabiki wako wanakupenda, unaona?"

Ilikuwa imeshapita saa kumi. Msichana mmoja wa miwani alikuwa ameshasimama mbele yake, CD ameikumbatia kifuani. Honoka akanyoosha mikono yote miwili.

"Karibu. Umetoka mbali?"