Kila Safari na Mwanamke Mwingine

"Begi limezidi uzito, mama. Punguza kitu, au ulipe."

Lyse Irambona alisema hivyo kwa Kiingereza cha kazini bila hata kuinua macho, maana nyuma ya yule mama palikuwa na foleni ya kutisha. Stesheni ya Central, katikati ya jiji hili la ughaibuni, ilikuwa imefurika asubuhi hiyo. Kaunta yake ilikuwa kando ya malango ya tiketi: abiria anapimiwa mzigo wake hapohapo mjini, anafungiwa lebo ya ndege, kisha anapanda treni kwenda uwanja wa ndege mikono mitupu. Begi atalikuta mwisho wa safari.

"Toa viatu alivyotuma Mama Faida," sauti ya kiume ilisema kwa Kiswahili. "Hapana, yule atanuna mwaka mzima. Toa vya pasta. Pasta kazi yake ni kusamehe."

Lyse akacheka kabla hajajizuia. Alipoinua macho alikutana na kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa likanyooka, manukato yake yanafika kabla yake.

"Kumbe unasikia Kiswahili!"

"Nasikia. Na pasta hasamehi viatu."

Kijana akamtazama vizuri: koti la sare la buluu, skafu ya njano shingoni, nywele zilizosukwa na kubanwa juu. Yule mama akapunguza alichopunguza, begi likapita, wakaagana na kijana kwa kugusanisha paji la uso huku na huku, Kikongo kabisa, kisha mama akaingia malangoni peke yake.

"Si mke wangu," kijana akasema. "Ni jirani. Kwetu msafiri haachiwi aende peke yake. Lazima asindikizwe."

"Sijakuuliza."

"Macho yako yameuliza."

Hivyo ndivyo Lyse, Mrundi wa kitongoji cha Campbelltown, alivyomjua Trésor, Mkongo wa kitongoji cha Doonside, mpakia mizigo katika ghala moja la Seven Hills. Walibadilishana namba za simu wiki iliyofuata, na tangu hapo safari ndefu ya treni ya kurudi Campbelltown ikawa fupi mno.

"Umekula, chérie?" Trésor alimwita hivyo, yaani mpenzi kwa Kifaransa.

"Nimekula."

"Muongo. Nasikia tumbo linanguruma mpaka huku Seven Hills."

"Hiyo ni treni, Trésor!"

Jumapili wakala samaki na ugali pamoja. Jumapili nyingine hivyohivyo. Mapenzi ni kikohozi, na Lyse alikohoa mpaka Ronnie, mwenzake wa kaunta, akaanza kumtania kwamba siku hizi anawasalimia hata abiria wakorofi.

Lakini palikuwa na jambo. Kila wiki Trésor alifika pale kaunta akiburuta begi, na kila wiki begi lilikuwa la mwanamke mwingine. Leo Lydie, suruali ya jinzi imembana, miwani ya jua ndani ya stesheni. Wiki ijayo muuguzi mwenye sauti nyororo. Wiki nyingine mjane, na mjane mwenyewe hata hakuonekana kuhuzunika.

"Wanaume wa Doonside hawasafiri?" Lyse alimuuliza kwenye simu.

"Wanasafiri. Ila wao wanabeba mizigo yao wenyewe."

"Na hawa wote ni nani wako?"

"Ni watu wa kanisa, Lyse. Ni wasafiri tu."

Wasafiri tu! Lyse alikwisha kusikia maneno ya namna hiyo. Fiacre, mpenzi wake wa zamani, alimwita msichana mmoja "binamu" mpaka siku walipotoa kadi za harusi yao. Tusimlaumu sana basi. Alikuwa na wivu, wivu wa kukosa usingizi, na kadiri alivyompenda Trésor ndivyo ulivyozidi kumtafuna.

Ikafika Jumamosi moja. Trésor akatokea na msichana mbichi, mrembo, aliyeitwa Aline. Aline alivaa gauni la kitenge cha rangi ya chungwa chenye maua makubwa ya kijani. Trésor alivaa shati. Shati la nini? La kitenge cha rangi ya chungwa chenye maua makubwa ya kijani. Nasi tunajua: mwanamume na mwanamke wakitoka wawili wamevaa kitambaa kimoja, hapo hakuna la kuuliza.

Moyo wa Lyse ulimpasuka paa!

"Bonjour, chérie," Trésor akasema, meno yote nje.

"Pasipoti," Lyse akamjibu.

Akamgeukia Aline. "Begi hili umelipanga mwenyewe?"

"Hapana, ni Trésor alilipanga."

"Lina vitu vya watu wengine?"

"Vya watu wote, dada. Si unatujua?"

Jibu hilo Lyse alilisikia kila siku kutoka kwa watu wetu. Kawaida alitabasamu, akampeleka abiria kwenye chumba cha pembeni, wakakagua kwa stara. Leo alisema, "Fungua."

"Hapa?"

"Hapahapa."

Zipu ikalia. Gauni jeupe la harusi likachomoza lenyewe. Chini yake viatu vya bwana harusi, chupi mpya za kiume, na vazi la kulalia la lesi ambalo Lyse aliliinua juu, juu kabisa, foleni nzima ikaliona. Aline akajifunika uso kwa viganja.

"Harusi njema," Lyse alisema. "Bwana harusi, ungeniambia tu kwenye simu. Ningekupa hongera."

Trésor alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na asiyejua kosa lake.

Ndipo ngazi za umeme zikaanza kumwaga watu. Wa kwanza alikuwa Mama Faida, kiongozi wa kwaya, ndani ya kitenge cha rangi ya chungwa chenye maua makubwa ya kijani. Nyuma yake pasta, shati hilohilo. Nyuma ya pasta kwaya nzima, na watoto, na kitoto kichanga mgongoni kimefungwa kwa kitambaa kilekile.

"Aline wetu! Treni ya Blacktown imetuchelewesha!" Mama Faida alipaza sauti, na vigelegele vikapasua stesheni. Wazungu wakatoa simu kupiga picha.

Lyse alitamani ardhi ipasuke immeze.

Aline aliinama akakunja gauni lake, machozi yakidondoka. "Mchumba wangu yuko Bujumbura, dada," akasema polepole. "Pasta ana van. Alitaka kunifikisha mpaka airport na mizigo yangu yote. Ni Trésor alikataa. Eti tupite Central, Central kuko kaunta nzuri. Kila msafiri wa kanisa anamwambia hivyohivyo. Sisi tulidhani wenye kaunta wanamlipa."

Trésor alifunga zipu, akaliweka begi kwenye mzani mwenyewe.

"Fanya kazi yako, dada," alimwambia Lyse.

Dada! Neno la heshima kwa mtu usiyemjua. Lyse alilifunga lile begi lebo huku haoni vizuri.

Hasira hasara. Alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe, ukasomwa, kimya. Alimtafuta Aline kwa simu huko Bujumbura akamwomba radhi, na Aline, bibi harusi mwenye furaha zake, akamsamehe. Trésor hakuonekana tena Central. Wanawake wa Doonside wakawa wanapelekwa uwanja wa ndege moja kwa moja na van ya pasta.

Kisha likizo ya Lyse ikafika. Alikuwa anakwenda Bujumbura kumwona mama yake. Akiwa anakunja nguo zake pale Campbelltown ndipo wazo lilipomjia: mizigo ya nusu ya Waafrika wa mji huu imepita mikononi mwake, naye hana wa kumsindikiza. Akakaa juu ya begi akalia.

Kesho yake, siku yake ya mapumziko, alivaa gauni lake jekundu, akapanda treni mpaka Seven Hills, akasimama langoni mwa stesheni mchana ule shifti ya ghala ilipotoka. Trésor alikuja na kizibao chake cha kazini, vumbi la maboksi nyusini.

"Umepotea? Campbelltown ni upande mwingine kabisa."

"Sijapotea. Nasafiri Alhamisi. Natafuta wa kunisindikiza."

"Muombe Ronnie."

"Ronnie atakuwa kwenye mzani."

Trésor alikaribia kucheka, akajizuia. "Ulimfungulia mtoto wa watu begi mbele ya umati, Lyse. Angekuwa mzungu, ungempeleka pembeni."

"Ningempeleka," Lyse alikiri. "Siku ile sikuwa kazini. Nilikuwa mwanamke mwenye wivu aliyevaa sare. Nimekosa kwa Aline, na nimekosa kwako. Nisamehe." Akavuta pumzi. "Mbona hukupokea simu zangu hata moja?"

"Nilitaka uje. Mimi nimekuja kwako kila wiki, chérie, mizigo ya watu mabegani, nipate dakika tano za kukuona. Nikasema, acha na yeye siku moja apande treni."

Chérie! Lyse alifuta macho kwa kiganja.

"Na ule wivu?" Trésor akauliza.

"Bado ninao. Sitakudanganya."

"Afadhali. Ungesema umeisha ningejua unanidanganya."

Alhamisi, Trésor aliburuta begi la Lyse mpaka kaunta. Ronnie akalipima. "She's over, mate," akasema, yaani uzito umezidi, kisha akatazama dari, akabandika lebo. Kwa kawaida msindikizaji Trésor aliishia hapo. Leo aligusisha kadi yake ya nauli langoni, akaingia naye, wakakaa bega kwa bega kwenye treni ya kwenda uwanja wa ndege.

"Mama yako kule Bujumbura anakaa mtaa wa Bwiza, si ndiyo?" akauliza, ghafla hana utani.

"Ndiyo."

"Baba zangu wadogo wako hukohuko, mtaa wa Buyenzi. Kutoka Buyenzi mpaka Bwiza ni kutembea kwa mguu. Nimewaambia Jumapili waje kwenu kubisha hodi. Ukitaka wafunguliwe, mwambie mama afungue. Usipotaka, nitawapigia warudi."

Lyse alitazama dirishani. Alitaka kujibu kwa majivuno kidogo, mwanamke asionekane ana njaa ya kuolewa, lakini midomo ilimsaliti ikacheka. "Waambie waje mapema," alisema. "Mama anawahi ibada."

Waliagana mlangoni mwa ukaguzi, paji kwa paji, huku na huku na huku tena. Alipokaa kusubiri ndege, simu ikaita, ya video.

"Niko Central, nabadilisha treni, na tayari nimekukumbuka," Trésor alisema. Nyuma yake sauti ya mwanamke ikasikika ikicheka.

Lyse akakaa wima. "Nani huyo?"

"Mama mmoja. Begi limemshinda kwenye ngazi, namsaidia kidogo."

"Geuza simu nimwone."

"Lyse!"

"Geuza."

Akageuza. Bibi wa Kizungu, mvi tupu, mgongo umepinda, alimpungia mkono. Lyse akampungia.

"Sawa, mbebee," akasema. "Lakini mwambie una mchumba."

"Hajui Kiswahili huyu!"

"Wewe mwambie."

Na Trésor akamwambia, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, kwa sauti iliyowageuza watu wa stesheni nzima.