Mguu Ambao Guangzhou Haikuuona

Kila Jumapili baada ya ibada, sebule ya Dani Selpha mtaani Manyatta, Kisumu, iligeuka kuwa studio. Mjukuu wake Dishon, mvulana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa mkurugenzi, mpigapicha na fundi wa taa. Dani, yaani nyanya yake, alikuwa nyota. Alivaa gauni la kanisani, akaketi karibu na dirisha na kutoa agizo lile lile.

"Simu isishuke chini ya magoti."

Chini ya magoti kulikuwa na mguu wa kushoto, na mguu huo ulikuwa siri ya serikali. Dani aliugua kisukari. Msumari ulikuwa umemchoma kidoleni, na kidonda kikakataa kupona. Alikiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa, kisha akajipulizia marashi ili harufu ishindwe.

"Twende hospitali, Dani."

"Nikienda, baba yako atajua. Akijua, atafunga duka arudi. Wewe utatulisha?"

Baba, Mama na Debra, dada mdogo wa Dishon, waliishi Guangzhou, Uchina. Huko Baba aliuza vipuri vya pikipiki kwa wafanyabiashara kutoka Afrika. Simu ya video ilipoita, Debra ndiye aliyesoma habari.

"Mwalimu alinikemea kwa sababu sikulala," alisema.

Shuleni kwao watoto hulazwa darasani kila siku baada ya chakula cha mchana. Dishon alimwonea wivu. Shuleni kwake, aliyelala darasani aliamshwa kwa njia isiyo ya Kikristo.

Mama alieleza jinsi majirani wanavyomkaribisha kwa maji ya moto hata jua likiwaka, na jinsi abiria kwenye treni wanavyoomba kupiga picha na nywele zake. "Unga wa mahindi nimepata," aliongeza, "lakini ugali wake ni mtamu kama keki. Baba yenu anaula akitazama ukuta."

"Dani, umevaa ndara zangu?" Debra akauliza.

Kule hakuna anayeingia nyumbani na viatu. Kila mtu huvaa ndara, na hata mgeni hupewa zake. Debra alikuwa amemtumia Dani jozi ya manyoya yenye masikio ya sungura.

Dani alitazama dirishani. Mama naye akaacha kutabasamu, akamuuliza mama mkwe wake: "Mama, mbona siku hizi hatukuoni ukisimama? Kuna shida?"

Dishon, bingwa wa mizaha, alifunika simu kwa kiganja na kutangaza kuwa mtandao umeharibika. Akavaa soksi za Dani, akavaa zile ndara, akajifunga leso kiunoni na kuketi ubavuni mwa nyanya yake. Kisha akaielekeza simu kwenye uso wa Dani, akaishusha polepole hadi kwenye miguu yake mwenyewe. Sungura wawili wakacheza dansi. Debra alicheka hadi akapata kwikwi.

"Mungu ni mwema," Mama alisema. "Tuliogopa sana. Nilikuwa nimepanga kuja mwezi ujao nikuangalie. Basi nitabaki huku hadi Debra amalize mwaka."

Simu ikakatika. Dishon hakuwahi kufanya mzaha uliofaulu kiasi hicho, na sasa mama yake haji. Alimtazama Dani apate angalau sifa. Dani alikuwa amejifunika uso.

Siku zilizofuata, vidole viligeuka vyeusi. Marashi yalishindwa, nzi wakaja. Dani aliacha kula. Dishon aliacha mizaha, na darasani aliketi kama gunia. Akisema ukweli, mama yake angejua kuwa amezaa mwongo. Akinyamaza, angemzika nyanya yake. Hakuona njia ya tatu.

Asubuhi moja, Dani akiwaka homa, alimwita Dishon kwa jina la marehemu babu yake. Dishon akachukua simu. Kwa kitambo kidogo akili za Dani zikarudi.

"Usithubutu. Ukipiga hiyo simu, wewe si mjukuu wangu."

Akapiga. Mama alikuwa dukani, nyuma yake kukiwa na lundo la vioo vya pikipiki.

"Mama, ile miguu ilikuwa yangu," Dishon alisema, akaigeuza simu.

Mama hakupiga kelele. "Mpelekee Njuguna simu," alisema.

Njuguna, jirani mwenye duka, alileta pikapu yake hadi mlangoni. "Utanitukana njiani, Mama," alimwambia Dani. "Sasa shika shingo yangu."

Madaktari walikata vidole vitatu. Walisema angechelewa kidogo tu, mguu wote ungekwenda. Mama alipanda ndege akaja, lakini kila Dishon alipoingia wodini, Dani aligeukia ukuta. Alifanya hivyo hadi Dishon akaacha kutarajia. Kisha siku moja akamwita.

"Bado umekasirika, Dani?"

"Sana." Dani alipumua. "Lakini uongo nilikufundisha mimi, kila Jumapili. Wewe uliuongezea miguu tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilidhani methali hiyo iliwahusu watu wengine, wa kule Muhoroni. Mtu anayekupenda, mwambie unapoumia. Ukimficha, hujamhurumia. Umemfungia mlango."

Mama, aliyeketi kando ya kitanda, aliinamisha kichwa. Muuguzi akaja na bandeji mpya, na Dishon akaanza kutoka.

"Keti," Dani alisema. "Tazama anavyofunga. Mama yako ana mtoto mwingine kule. Nyumbani nitabaki na wewe."