Ukuta wa Fundi Pontien

Asubuhi moja Concilie alikuta mstari wa matofali kwenye kizingiti cha chumba cha mtoto wake, simenti yake ingali mbichi. Akaubomoa. Kesho yake ilikuwa mistari miwili, na nyundo haikuifanya kitu.

Mwaka ule wa 1964 waasi walikuwa wamekwisha kuingia Uvira, na Concilie, mjane wa karani, alitaka kuuza nyumba yake ya Nyamianda avuke na binti yake kwenda Bujumbura. Haikuuzika. Pontien, fundi aliyeijenga, alikuwa amemshitaki kwamba hakumaliza kumlipa. Concilie akajitetea kwamba ukuta umepinda. Ofisi ya serikali ikaandika: nyumba isiuzwe mpaka fundi aridhike. Kisha Pontien akauawa kwenye njia ya Runingu, na lile zuio likabaki.

Siku ya tano, adhuhuri, Concilie akiwa uani, alisikia mwiko wa fundi ukikwaruza ndani, na mluzi uleule wa Pontien, wa mtu afanyaye kazi bila haraka, akakimbia ndani kwenye harufu ya simenti, akakuta mlango wa chumba kile umezibwa mpaka juu, dirisha limezibwa, na nyuma ya matofali sauti ya Félicité, mtoto wake wa miaka minne, ikimwita mama, kila mara ikizidi kufifia.

Alikwaruza mpaka kucha zikatoka damu. Halafu akakimbia kwa Pudentienne, mjane wa Pontien, akapiga magoti.

“Bwana yako amemufungia mutoto wangu.”

Pudentienne akajifunga kitenge chake. “Weye uliharibu jina yake mbele ya watu. Ukamwambie weye mwenyewe.”

Wakaenda pamoja. Majirani walisimama mbali. Concilie akaweka paji la uso kwenye ukuta ule wa baridi.

“Pontien, kazi yako ilikuwa sawa. Minye nilijua. Sikukuwa na feza, nikasema ukuta iko mubaya.”

Mluzi ukakatika. Matofali yakalegea moja moja, na Félicité akatoka akikohoa, nywele zimejaa vumbi jeupe.

Concilie hakungoja mnunuzi. Alimpa Pudentienne ufunguo, akamwambia nyumba ni yao, yeye na mumewe. Pudentienne akaingia peke yake, akafunga mlango. Concilie, mtoto mgongoni, alimsikia akisema kwa upole, kama mke anayempokea mume:

“Umechoka. Ikala kwa kiti, nikuletee maji.”

Ndani, kiti kikalia kwa uzito wa mtu.