Meza ya Bibi Aveolela

Fuatino alikuwa na mazoea yake: mgeni hakuondoka bila kuulizwa amependa nini. Majibu aliyajua kwa moyo, lakini hakuchoka kuyasikia. Bahari yenu rangi yake haiaminiki. Watu wenu wanacheka mpaka tunawaonea wivu. Na kulala katika banda lisilo na kuta, upepo unapita huku na huku, mawimbi yanakubembeleza, mbona pepo si mbali. Fuatino aliinamisha kichwa kwa adabu, akacheka kile kicheko kinachoonewa wivu, kisha akaenda kukusanya mashuka na kufagia mchanga uliojaa kwenye magodoro.

Asubuhi moja Mjerumani na mkewe waliongeza jambo. Walimwomba awafikishie salamu zao kwa bibi. Fuatino akauliza bibi gani. Yule mzee, wakasema, anayekuja kunapopambazuka, anakaa kwenye ile meza ya saruji anachana nywele zake ndefu, halafu anapita kitanda kwa kitanda akitushika nyayo kuona kama tumepigwa na baridi. Mikono yake inanukia maua matamu. Mke akamwonyesha ua lenyewe kwenye mti uliokuwa nyuma yake, na lilikuwa la mlangilangi.

Fuatino akasema huyo ni jirani. Jirani wa karibu alikuwa mke wa mchungaji, mwanamke wa makamo aliyenyoa nywele kama askari, na asingeamka alfajiri hata kanisa lingewaka moto. Wageni wakapanda gari lao wakiwa wamefurahi. Fuatino alibaki njiani na mashuka mikononi, akiitazama meza ya saruji.

Meza ile ilikuwa kaburi.

Si ajabu, kila nyumba pwani ile ina makaburi yake hapo mbele. Wafu wa kisiwa cha Savaii hawapelekwi mbali wakaachwa peke yao. Watoto hucheza karata juu yao, akina mama huanika nguo, na mtu akitaka kulala mchana saruji ile ina ubaridi mzuri. Bibi Aveolela, bibi yake mume wa Fuatino, alilazwa pale akiwa amepakwa mafuta ya langilangi toka utosini hadi vidoleni, na kwa miaka mingi familia nzima ilimkalia bila wasiwasi.

Tatizo lilikuwa wageni. Mmoja wao, mwanamke mwenye kofia kubwa, aliwatangazia wenzake huko mitandaoni kwamba mahali ni pazuri, chakula ni kitamu, ila unakunywa kakao yako ya asubuhi ukitazamana na maiti. Tangu hapo mabanda yakaanza kulala matupu. Mume wa Fuatino alikuwa Nyuzilandi akichuma matofaa, na Fuatino si mtu wa kungoja ruhusa. Alimwita fundi, akaongeza saruji pembeni, akaling'oa jiwe lenye jina, akatandika mbao na kitambaa cha maua mekundu. Kaburi likawa meza, tena nzuri, yenye kivuli na inayotazama bahari. Mgeni akiuliza kwa nini chini yake kumejengwa kama sanduku, Fuatino alimjibu kwamba hilo ni tangi la maji ya mvua.

Wifi yake Oliana, aliyekuja kusaidia kupika, hakulipenda jambo hilo tangu siku ya kwanza.

"Wifi, umemwambia?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga. Bibi."

"Bibi amekufa, Oliana. Ningemwambia nini, kwamba namhamisha chumba?"

"Ungekaa naye hata kidogo ukamweleza. Mtu anaelezwa."

Fuatino alimwambia apalilie kwanza magimbi, mawaidha baadaye. Alikuwa na mdomo wake Fuatino, na Bibi Aveolela ndiye aliyemfundisha kuutumia. Alipoingia nyumba ile akiwa mwali mgeni, wengine wote wakimpima kwa macho, bibi ndiye aliyemkalisha kando yake kwenye nguzo ya nyumba, akamfundisha kusuka mikeka myororo ya mkadi, ile inayosukwa kwa miaka na kutolewa siku za mambo mazito. Mkeka wa mwisho aliousuka bibi alimpa Fuatino, mikononi, mbele ya watu. Ndiyo maana Fuatino hakupenda kulifikiria sana suala la meza. Kila lilipomjia alitafuta kazi ya kufanya.

Baada ya wale Wajerumani, kila mgeni aliondoka na sifa za bibi. Wanafunzi wawili wa kike walisema aliwaimbia. Mzee mmoja mwenye mguu mbovu alisema bibi aliukanda mguu ule ukapoa. Na mezani mambo yakaanza kuharibika: tui lililokamuliwa muda uleule lilichacha kabla halijafika mdomoni, shelisheli likikatwa lilikuwa jeusi ndani, na kitambaa chekundu kikawa kinalowa mafuta kutoka chini, mafuta yenye harufu ile; Fuatino alikifua kwa sabuni na majivu na ndimu na bado harufu ikamfuata jikoni, kitandani, mpaka kanisani.

Kisha mama mmoja Mfaransa, akifunga mkoba, akamwambia kwa furaha kwamba alichokipenda kuliko vyote ni mazungumzo ya asubuhi na bibi, ingawa lugha hawakuelewana.

"Ana mchezo mmoja," alisema. "Anaigonga meza kwa kidole, halafu anajigonga kifua. Meza, kifua. Meza, kifua. Kisha anakunyooshea kidole wewe, uliye jikoni, anacheka. Anakupenda sana, nafikiri."

Fuatino alimbebea mkoba mpaka garini. Aliogopa, na safari hii alijua anaogopa nini.

Jioni hiyohiyo, baragumu la sala lilipolia na kijiji kizima kikanyamaza, binti yake Masina hakuonekana kwenye mkeka pamoja na wengine. Alikuwa na miaka tisa, mtoto pekee, aliyepatikana baada ya mimba tatu kuharibika. Fuatino alitoka kumtafuta huku akimgombeza kimoyomoyo, akamkuta amelala kifudifudi juu ya meza, shavu kwenye kitambaa, mkono mmoja ukipita polepole hewani kando ya kichwa chake, kuanzia sikioni na kushuka chini, chini kabisa kupita kiuno, kama mtu anayechana nywele ndefu ambazo mtoto yule hakuwa nazo. Alipomgusa, ngozi ilikuwa baridi kama saruji, na mtoto akageuza uso, akamtazama mama yake kwa macho ya mtu aliyemjua zamani sana, na kutoka katika kile kinywa kidogo chenye pengo la jino ikatoka sauti nzito ya kikongwe iliyomwambia ashushe mkono wake, kwa maana yeye na mtoto huyu hawajuani.

Walimbeba ndani. Oliana alikimbia kumwita Sulufaiga, mganga wa maradhi ya mizimu, mwanamke mnene mwenye pumzi fupi aliyefika akitafuna kitu na kuuliza kwanza kama kuna chai. Alipoingia na kunusa, aliacha kutafuna.

"Toeni ile meza," alisema kwa sauti ya chini. "Mnalisha wageni juu ya kifua cha mtu na mnataka anyamaze?"

Wakang'oa mbao, wakachoma kitambaa, wakavunja saruji iliyoongezwa, wakalirudisha jiwe lenye jina. Wageni waliokuwapo walisogea na simu zao wakipiga picha, mmoja akauliza kama hii ni ngoma ya kienyeji na kama anaweza kushiriki. Lakini Masina hakupata nafuu. Alizidi kupoa, midomo ikawa ya kijivu, na harufu ya langilangi ikajaa nyumba ile isiyo na kuta kana kwamba imefungwa pande zote.

Sulufaiga akasaga majani, akamkamulia mtoto matone puani, akaketi karibu ya kichwa chake.

"Mama mkubwa," alisema taratibu, "meza imeondoka. Tueleze kilichobaki."

"Meza," ile sauti ilisema, na mtoto akacheka bila kufungua meno. "Wamenikalia miaka yote, wamecheza karata juu yangu, wamenilalia walevi, nikafurahi. Lini nimekasirishwa na makalio ya mtu? Wale wageni nimewapasha miguu kama wajukuu wangu. Mwulize huyu aliwaambia mimi ni nini."

Macho yote yakamgeukia Fuatino. Alitamani ardhi impokee.

"Nilisema ni tangi la maji," alinong'ona.

"Mara moja?"

"Kila walipouliza."

"Nilimkalisha kando yangu nyumba nzima ikimkataa," sauti ilisema, na sasa haikucheka. "Nilimwita wangu mbele ya watu. Naye amenikana kwa wapita njia, nikiwa papo hapo, nasikia. Basi huyu mtoto naondoka naye kukikucha. Na watu wakikuuliza amekwenda wapi, Fuatino, uwaambie hujawahi kuzaa."

Hapo hata Sulufaiga alisogea nyuma. Alisema dawa yake imeishia hapo, mzimu huyu hana njaa wala haja, ana haki, na mwenye haki hafukuzwi kwa majani. Limebaki lile tu ambalo mkosaji hufanya mbele ya nyumba ya aliyemkosea: anajifunika mkeka mwororo, anakaa kimya, anauweka uhai wake mikononi mwao. Wenyewe wakitaka wanamuua, wakitaka wanamfunua, amesamehewa. Lakini hilo hufanywa kwa walio hai, aliongeza, na yeye hajawahi kusikia limefanywa kwa mfu.

Fuatino hakungoja amalize. Alifungua sanduku, akautoa mkeka wa bibi, mwepesi na laini kama kitambaa, na kabla anga haijapata rangi alikuwa amepiga magoti kwenye vifusi mbele ya kaburi, kichwa kimeinama, mkeka umemfunika wote.

Ndani ya mkeka kulikuwa na harufu ya mkadi na ya mikono iliyousuka. Alilia. Alimwambia bibi, kwa sauti kubwa ili Oliana na mganga na wageni wote wasikie, kwamba hakuwa tangi la maji, alikuwa Aveolela, alikuwa mama yake, na alimkana kwa sababu aliona aibu mbele ya watu asiowajua, na aibu hiyo sasa anaila yeye. Alisema, nichukue mimi, mwache Masina, chukua chochote nilicho nacho, jina langu, mahali pangu, uhai wangu, na alilisema hilo kwa moyo wote, akalirudia, akalirudia mpaka sauti ikakauka, na katikati ya kulirudia akasikia nyayo zikija juu ya vifusi, nyayo za mtu mzito asiye na haraka, zikasimama, na mkono ukaushika mkeka kwenye ukingo, na mkeka ukaanza kuinuliwa polepole, na kwa kitambo kidogo cha furaha aliona mwanga wa asubuhi na akasikia Masina huko ndani akikohoa na kuomba maji kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya mtoto, na Oliana akipiga vigelegele, na akataka kusimama amkimbilie, lakini aliyesimama hakuwa yeye, maana alimwona mwanamke akiinuka kutoka chini ya mkeka, amevaa gauni lake, ana mabega yake na kovu lake la kisigino, anajipangusa magoti na kuukunja mkeka kwa ustadi wa mtu aliyeusuka, na Fuatino aliyekuwa akimtazama alikuwa akimtazama kutoka chini, chini zaidi kila alipovuta pumzi, mpaka kikawa kiza na ubaridi na uzito kifuani.

Kijiji kilisifu sana toba ile. Mchungaji aliisema kanisani, na wageni wakaondoka wakieleza kwamba hawajawahi kuona watu wenye upendo namna hii.

Kuna ubaridi ambao mtu huuzoea, na kuna joto ambalo hawezi kulizoea. Adhuhuri, Masina akitoka shule, hupenda kuja kukaa juu ya saruji, na joto la mapaja yake hushuka taratibu mpaka linamfikia Fuatino pale alipolala. Humwita. Humwita kwa jina lake la shule na la nyumbani, na kwa yale ya utani ambayo wao wawili tu wanayajua. Mtoto hupunga miguu, hutafuna embe, halafu huinua uso kuelekea jikoni.

"Mama," huita.

Na jikoni, kwa sauti ya Fuatino, anaitikiwa.