Kigeuzi cha Mlango wa Jikoni

"We Sakiti, mkate! Duka linafungwa!"

Jua lilikuwa linazama na dada mtu alikuwa ameita hadi sauti imemkauka.

"Nakuja dada, namalizia lango moja tu."

"Lango, lango! Leo tutakula malango?"

Sakiti ni jina alilopewa na mtaa, maana hakuna waya aliouona akauacha salama. Soketi zote za nyumba alishazifungua, ikabaki ya jikoni. Ndiyo maana alichezea hapo, kompyuta juu ya meza ya kukatia vitunguu, ubavuni mwa dada aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Duniani alikuwa na huyo tu.

Mchezo wenyewe ni wa kujenga kwa matofali. Sakiti aliuongezea kipande cha programu kinachomruhusu mchezaji kujiundia malango ya ishara apendavyo. Lango hili lipitishe umeme pale tu mambo mawili yanapotimia pamoja. Lile litosheke na moja. Kigeuzi kipindue kila kinachoingia: kilichowaka kizimike, kilichozimika kiwake. Mtu asiyemjua, aliyejiita Mpangaji, akaziona kazi zake mtandaoni, akamkaribisha kwenye ulimwengu wake. Mpangaji alijenga nyumba, Sakiti akatandaza nyaya chini ya sakafu. Fundi wa waya haangalii rangi ya ukuta, basi hata siku moja hakupanda juu kuzitazama.

Nyumba ya kwanza waliijaribu jana. Lango likawaka, tofali la chuma likashuka. Asubuhi seremala jirani yao akakutwa kwenye karakana yake amekufa, kifua kimesagwa, na juu yake hakuna kilichoanguka. Sakiti alikwenda kumpa pole mjane, akarudi kwenye mchezo wake.

Nyumba ya pili ilikuwa ikiisha jioni hii. "Mwanamke akiwa jikoni na mlango ukiwa umefungwa, chuma kimpige," Mpangaji aliandika. Sakiti akaunganisha waya wa mwisho. Kisha, sijui nini kilimtuma, akapanda juu ya sakafu ya mchezo kuitazama nyumba.

Lilikuwa jiko lao lenyewe: mlango wa bluu. Cherehani dirishani. Meza ndogo yenye kompyuta... na mwanasesere wa kike mwenye kilemba cha njano.

Akageuka taratibu. Dada yake alikuwa amejifunga kilemba cha njano.

"Dada... usifunge mlango."

"Niliwe na mbu kwa ajili yako?" Akausukuma kwa kiwiko.

Tik.

Harufu ya chuma cha moto ikajaa jikoni. Kitu kisichoonekana kikamshukia dada begani. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Alianguka kwa magoti, sufuria ikamwagika, na kile kitu kikapanda tena juu kujiandaa. Sakiti aliusikia upepo wake.

Mpangaji alikuwa ameyafunga matofali yote yasivunjike, ila kuongeza kuliruhusiwa. Sakiti akabandika kigeuzi mwishoni mwa waya.

Taa ya lango ikazimika.

Chuma hakikushuka.

Kwenye kioo yakatokea maandishi. "Ahsante, fundi. Nilijua utaweka hicho." Chini yake: umetolewa kwenye ulimwengu huu.

Hapo ndipo Sakiti alipoelewa. Kigeuzi hakiui ishara, kinaipindua. Sasa chuma kilitulia kwa sababu moja tu: dada yuko jikoni na mlango umefungwa. Kimoja kikikosekana kitashuka, popote alipo. Na yeye hakuwa tena na njia ya kuingia kukiondoa.

"Hospitali," dada alinong'ona, akijikokota ukutani. "Nipeleke, mdogo wangu." Mkono wake mzima ukashika kitasa.

"Dada, acha!"

Mlango ulifunguka upana wa kiganja. Tik. Mguu wake ukapondwa hadi sakafuni, damu ikaruka hadi kwenye meza ya vitunguu. Sakiti aliurukia mlango, akaufunga kwa mgongo na kutia komeo. Chuma kikapanda. Dada akapiga ukelele uliotoa watu majumbani.

"Anamuua dada yake!"

"Msifungue!" Sakiti alilia. "Mkifungua anakufa!"

Alisema kweli tupu, lakini nje ilisikika kama kitisho cha muuaji. Mjane wa seremala akakimbia kuleta shoka la marehemu. Pigo la kwanza lilipasua ubao, la pili likamchana Sakiti bega. Mkono ukapenya kutafuta komeo. Akaokota mchi akauponda ule mkono, vidole vikavunjika kwa sauti, mtu akanguruma nje. Alipiga huku analia.

Dada alikuwa sakafuni anamtazama. Hakuwa akiogopa tena kile kitu cha juu. Alimwogopa yeye.

"Nimekukosea nini?" alinong'ona.

Sakiti alifungua kinywa amweleze. Bawaba zikang'oka.

Tik.

Walioingia walikuta dada hana kifua. Paa lilikuwa zima. Mchi ulikuwa mkononi mwa Sakiti, na kompyuta imezimika. Walimpiga hadi polisi wakafika kumwokoa.

Huko mahabusu Sakiti alitupwa chumba cha peke yake, akaketi alipoangukia. Sakafu ikadidimia kidogo chini yake, kama swichi iliyobonyezwa.

Tik.

Tangu hapo hakusogea hata kidogo. Hajui nani ametandaza nyaya huko chini, wala ametumia lango gani: la kumpiga akiinuka, au mlango ukifunguka. Chakula walichomsukumia hakukigusa. Alfajiri buti zikasikika.

"We, inuka. Unaitwa."

Sakiti aliinua uso uliovimba. Juu yake, karibu kabisa, kulikuwa na harufu ya chuma cha moto.

"Afande..." alinong'ona. "Usifungue mlango."

Afande akacheka, akazungusha ufunguo.